Moyo wa Alasiri

Muuguzi alipokuja nyumbani kwetu Kanombe kumbandika mama ile plasta kifuani, nilimuuliza kama itakuwa inasikia mazungumzo yetu.

"Hapana, dada," alisema. "Haina maikrofoni. Iko inahisi mtikisiko tu."

"Na sauti ni nini kama si mtikisiko?"

Alimtazama mama, si mimi. Alikuwa msichana wa umri wangu, amebeba mkoba wenye nembo ya mradi wao, na ilionekana hakutegemea kuulizwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, blauzi imefunguliwa vifungo vya juu, kitenge amekitupia begani kwa ajili ya heshima, ingawa chumbani tulikuwa wanawake peke yetu.

"Fanya kazi yako, mwanangu," mama akamwambia. "Huyu hata padri alimchosha kwenye mafundisho ya kipaimara. Alitaka kujua Roho Mtakatifu anaingilia wapi."

Muuguzi akacheka, plasta ikabandikwa. Ilikuwa laini, ndogo kuliko biskuti, na maelezo yake yalisema ina rangi ya ngozi, ingawa haikuwa ngozi ya mtu yeyote wa mtaa wetu. Ndani yake mlikuwa na kihisi cha mwendo, ndugu wa kile kilicho ndani ya simu kinachojua umeilaza au umeisimamisha. Kila vali ya moyo inapojifunga, kifua hutikisika kidogo mno, jicho haliwezi kuona. Pumzi hutikisa kwa namna yake, kikohozi kwa yake, hata kumeza mate. Plasta inakusanya mitikisiko yote hiyo na kuipeleka kwenye simu, simu inaipeleka hospitalini, na daktari anasikiliza moyo wa mtu ambaye yuko kwake anachambua maharage.

Nilisoma fizikia Dar es Salaam, kwa hiyo nilielewa jinsi inavyofanya kazi, na kwa sababu hiyohiyo sikuiamini. Kifua si chumba kimya. Kwetu, jirani na uwanja wa ndege, ndege ikiruka vioo vya madirisha vinatetemeka. Mama akicheka, anacheka na mabega. Nani atazitenga sauti hizo? Programu fulani, iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa Kanombe.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kulibishia. Vali ya moyo wa mama iliharibika alipokuwa msichana ukimbizini Bujumbura, kwa ugonjwa wa koo ambao hakuna aliyejua unaweza kuteremka hadi moyoni. Aliishi nayo miaka mingi, miguu ikivimba na kupungua, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akimwambia daktari kwamba anaumwa. Akiulizwa hali yake, husema si mbaya. Siku aliyoshindwa kuvaa viatu alisema si mbaya. Muuguzi alituambia wagonjwa wengi wako hivyo, watu wa hapa wamefundishwa kuvumilia, na plasta haikufundishwa adabu hiyo.

Kazi yangu ilikuwa ya asubuhi. Namwondolea, namfuta ngozi, naichaji, naibandika tena kwa gundi mpya. Kisha naenda kwenye shughuli zangu, na mchana naelekea Remera kufundisha tuisheni ya fizikia kwa watoto wa sekondari. Kwenye simu ya mama palikuwa na mstari unaopanda na kushuka, na nukta ya rangi: kijani, njano, nyekundu. Mama hakuiangalia. Alisema sasa ana daktari kifuani, ya nini kumchungulia.

Waliokuwa wanachungulia ni mimi na jirani yetu mmoja.

Jirani huyo namwita Mama Mdogo, ingawa hatuna udugu wa damu. Alihamia hapa kutoka Bujumbura miaka kadhaa iliyopita, watoto wake wakiwa wakubwa na wametawanyika. Mama alimsikia kanisani akimkemea mtu kwa Kiswahili cha Bujumbura, akageuka kwenye benchi kama aliyeitwa jina. Tangu siku hiyo hawajaachana. Mama Mdogo anauza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, anazunguka nao kwenye beseni hadi Gisimenti na kurudi. Akipika, sahani moja inapita upande wetu wa uzio. Mama akifungua chupa ya soda, anatoa glasi mbili kabla ya kumimina.

"Anayekula peke yake ana siri," mama husema.

Mama Mdogo alikuwa na tatizo la pumzi. Akipanda kilima cha kwetu na beseni lake, alisimama mara kwa mara kwenye ukuta wa mtu na kuanzisha mazungumzo. Watu walimwona ni mpenda maneno. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anapumzika. Alikwenda kituo cha afya, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima, na kufikia zamu yake moyo ulikuwa umeshatulia. Walimsikiliza, wakasema ni presha ya mawazo.

"Mawazo ninayo," alituambia aliporudi. "Hapo hawakudanganya."

Baada ya majuma machache ya plasta, nikaona jambo kwenye rekodi za simu. Asubuhi mstari wa mama ulikuwa ule niliouzoea: mapigo mawili, kimya, mapigo mawili, na katikati mtikisiko mdogo wa vali yake mbovu. Alasiri mstari ulibadilika kabisa. Mapigo yalikwenda mbio, mengine yaliruka, na kati yake palikuwa na mtetemo mrefu kama gari linalopita mbali. Nukta ilikuwa njano, siku nyingine nyekundu. Ikifika jioni, nilipokuwa narudi, kila kitu kilikuwa kimerejea kijani.

"Mama, alasiri unafanya nini?"

"Nalala."

"Unalala kweli?"

"Nikuapie?"

Jibu hilo ndilo lililonipa ushahidi. Kihisi cha mwendo kinajua kama mwili umesimama au umelala, na kila alasiri kilionyesha mwili uliosimama, unaotembea, unaoinama. Mama analala, plasta inasema anatembea. Nikampigia muuguzi simu nikiwa na furaha ambayo sasa naiona ya kijinga, furaha ya mtu aliyeshinda mabishano.

"Mashine yenu inadanganya," nikamwambia.

"Mashine haina sababu ya kudanganya, dada."

"Wala haina sababu ya kusema kweli."

Akasema atampelekea daktari swali langu. Daktari aliangalia, na jibu likarudi kwa mama, si kwangu: moyo wake unachoka alasiri, aongeze kidonge kimoja cha kutoa maji mwilini, akimeze mchana. Nilipinga. Nilimwambia muuguzi kwamba wanampa mtu dawa kwa sababu ya kosa la kifaa. Mama, ambaye kwa kawaida hujadiliana na kila kidonge, aliipokea dawa hiyo bila neno. Hilo pia nililiona, na nikalipita.

Siku moja kulikuwa na mechi kubwa kwenye uwanja wa Amahoro na barabara za Remera zilifungwa. Moto niliyoipanda, pikipiki ya abiria, ilirudishwa na polisi mara mbili, dereva akachoka, nikampigia mwanafunzi kuahirisha. Nikarudi nyumbani jua likiwa bado kali.

Walikuwa jikoni. Mama Mdogo amesimama, blauzi wazi, kitenge begani, na mama ameinama mbele yake akiibonyeza plasta kwa vidole viwili, polepole, kama nilivyokuwa nafanya mimi kila asubuhi. Beseni la ndagala lilikuwa sakafuni, simu ya mama ndani yake, tayari kwa safari.

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

"Umerudi mapema," mama akasema.

"Hiyo ni plasta yako."

"Naijua."

"Mama, hiki si kitu cha kuazimana. Kile ni kifua chako wanachokisikiliza kule."

"Asubuhi wananisikiliza miye. Alasiri miye nalala, sina kazi nayo. Ikae kifuani pangu inasikiliza usingizi, na mwenzangu anapanda kilima bila pumzi?"

Mama Mdogo alikuwa anafunga vifungo. "Usimkasirikie mama yako," akasema. "Miye ndiye niliyesema, labda yule daktari akinisikia ataniita. Kituo cha afya wananisikiliza nikiwa nimekaa. Huyu atanisikia nikitembea."

Nilitaka kumwambia kwamba daktari hajui kama yupo. Kwamba kule hospitalini moyo wake una jina la mama, umri wa mama, dawa za mama. Badala yake likanijia jambo jingine.

"Na kile kidonge cha mchana? Mama, umekuwa unakimeza?"

"Kwa nini nimeze?" Aliniangalia kama vile mimi ni mwanafunzi asiyejua kujumlisha. "Daktari alisema ni cha moyo unaochoka alasiri. Wa alasiri si wangu. Nampa mwenyewe."

"Na kinanisaidia," Mama Mdogo akasema. "Miguu imepungua."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilitafuta kosa katika mantiki yao, na sikulipata mahali nilipolitarajia. Daktari aliandika dawa kwa ajili ya moyo fulani, na dawa ilifika kwenye moyo huohuo. Mashine niliyoiita mwongo ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza: mwili ulikuwa umesimama, ulikuwa unatembea, ulikuwa unainama kuweka beseni chini. Na ule mtetemo mrefu kati ya mapigo, niliokuwa nimeuita kasoro, ulikuwa wa mwanamke huyu aliyekuwa mbele yangu akijifunga kitenge ili aende Gisimenti.

Hasira haikuwa na pa kwenda, kwa hiyo nikasema neno baya. "Wahenga walisema mla nawe hafi nawe."

"Wahenga hao hawakukaa ukimbizini," mama akajibu, akamsaidia mwenzake kuinua beseni.

Nikamzuia. Nilimwambia Mama Mdogo kwamba niliouona kwenye simu si moyo wa mtu wa kupanda kilima. Alinisikiliza kwa upole. Kisha akauliza, asipokwenda yeye, hizo ndagala zitakwenda zenyewe? Akaenda.

Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua na yote yalikuwa mabaya. Nikikaa kimya, moyo ule utaendelea kusikilizwa kila alasiri na mtu asiyejua ni wa nani. Nikisema, mama anaweza kuondolewa kwenye mradi. Nilimuuliza mama mwenyewe.

"Sema," akasema. "Miye hospitali wananijua kwa uso. Yeye nani anamjua?"

Muuguzi alikuja kesho yake. Nilimweleza, na mara ya kwanza tangu tufahamiane hakutabasamu. Aliomba maji, akanywa yote.

"Nyie mama zetu," akasema mwishowe, akiwaangalia wote wawili. "Mngeniambia tu."

"Ungekubali?" mama akauliza.

"Ningekataa."

"Basi."

Alilazimika kutoa taarifa. Jibu la mradi lilikuja taratibu, kwa maneno mazuri. Plasta ya mama ingesimamishwa kwa muda, mpaka wahakikishe rekodi zipi ni zake. Rekodi za alasiri zingefutwa, zote, kwa kuwa mradi hauna ruhusa ya kutunza sauti za mwili wa mtu ambaye hakutoa ridhaa. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta pa kuipinga. Ni kanuni nzuri. Kama wangeniuliza mimi, siku ile niliyokuwa nahofia plasta isije ikasikia maneno yetu, ningeiandika hivyohivyo.

Nilimpigia muuguzi. "Mama Mdogo atatoa ridhaa leo. Atasaini popote mnapotaka."

"Ridhaa haitembei kurudi nyuma, dada. Nimewauliza."

"Basi mwingizeni kwenye mradi."

"Mradi unapokea waliotoka kliniki ya moyo. Aanzie kituo cha afya, apewe rufaa." Akapunguza sauti. "Ila sikia. Msikae kwenye benchi. Mpandishe ngazi, kisha ndipo asikilizwe. Na mimi sijasema kitu."

Tulifanya hivyo. Zamu yake ilipokaribia nilimtoa kwenye benchi nikampandisha na kumshusha ngazi za nje, watu wakitutazama kama wachawi. Alikuwa anacheka na kukosa pumzi kwa pamoja. "Unaniua ili nitibiwe," akasema. Tabibu alimwekea kifaa chake kifuani, akabadilisha mahali, akarudia, akaacha kuandika. Rufaa ikatoka siku hiyohiyo. Hospitali ya wilaya ilimpa siku ya kurudi, kisha ikampeleka hospitali kubwa, nayo ikampa siku yake. Hakuna aliyetufanyia ubaya. Kila dirisha lilikuwa na mtu mwenye adabu, na kila mtu mwenye adabu alitupa tarehe. Katikati ya tarehe hizo Mama Mdogo aliacha kwenda Gisimenti, akawa anauzia getini, kisha akaacha kuuza.

Daktari wa moyo alikuwa mtu mwenye sauti ya chini. Alimpima kwa mashine yenye picha, akanionyesha vali: imekakamaa, mlango umebaki upenyo. Inahitaji upasuaji. Kisha akamgeukia mgonjwa.

"Mama, ni muhimu nijue. Hali ilianza kuwa mbaya lini? Ilikuja ghafla au polepole? Ukitembea ilikuwaje?"

Mama Mdogo akaikunja leso yake. "Si mbaya sana, daktari."

"Mwezi uliopita ilikuwaje?"

"Ilikuwa hivyohivyo. Mungu anasaidia."

Nilikuwa nimekaa pembeni. Alichokuwa anauliza daktari kiliwahi kuwepo. Alasiri baada ya alasiri, ukipanda kilima, ukishusha beseni, ukisimama ukutani, moyo huu ulikuwa umeandikwa kwa undani ambao mwenyewe asingeweza kuusema hata kama angetaka. Nilimweleza daktari. Alinisikiliza hadi mwisho, akafungua kompyuta yake, akatafuta, kwa kweli alitafuta.

"Hazipo," akasema. "Pole."

Nikamweleza nilichokumbuka kwenye simu: mbio, mirukaruko, mtetemo mrefu. Aliandika kitu. Lakini niliona anavyoandika, kama mtu anayepokea ushahidi wa jirani. Na alikuwa na haki, maana mimi ndiye niliyemwambia muuguzi kwamba yote hayo ni uongo wa mashine.

Sasa Mama Mdogo anasubiri kuitwa. Upasuaji wa namna hii una foleni, na foleni ina watoto, na mtu mwenye moyo wa kawaida hawezi kutaka kumpita mtoto. Tumemhamishia kwetu, kwenye chumba changu, analala ameegemea mito kwa kuwa akilala chali anahisi kama anazama. Mama amerudishiwa plasta yake. Anaivaa asubuhi hadi usiku na haipendi tena.

Juzi nilirudi kutoka Remera nikawakuta uani. Mama alikuwa anachambua mchicha. Mama Mdogo alikuwa kwenye kiti, miguu imewekwa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Weye umesoma," akaniambia. "Hiyo foleni inakwendaje? Wanaanza na aliyefika kwanza au aliye mgonjwa zaidi?"

"Sijui, Mama Mdogo."

"Uliwauliza?"

"Niliwauliza."

"Wakasemaje?"

"Wakasema inategemea."

"Inategemea nini?"

"Sikujibiwa."

"Na weye ukaacha? Weye?" Akamgeukia mama. "Wameipata wapi dawa ya huyu? Hata padri alishindwa."

Mama akacheka na mabega. Mama Mdogo naye akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi ambacho hakikutaka kuisha. Nilikwenda nyuma ya kiti nikamshika mgongo, kiganja wazi. Kupitia kitenge niliuhisi, ule mtetemo, wa mkononi sasa na si wa kwenye simu. Ulikuwa umerefuka. Kimya kile kidogo cha kati ya mapigo, nilichokuwa nakiona zamani kwenye mstari, sikukipata.

Alihisi mkono wangu umeganda.

"Unausikia?"

"Nausikia."

"Uko vipi? Usinifiche."

Mama alikuwa ameacha mchicha. Nilijua anachotaka niseme: si mbaya.

"Mbaya," nikasema. "Ni mbaya kuliko ule wa kwenye simu."

Mama Mdogo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Kisha akaomba mkono, kwa kuwa jua lilikuwa limefika kwenye kiti chake. Mama alitangulia kwenda kupanga mito. Mimi nilimwinua, tukatembea hatua zake fupi hadi mlangoni, na pale kizingitini akanibana mkono kunizuia. Tukasimama hapo, tukisubiri pumzi yake itulie.